Kabla Hujachagua Onyesho

Msamvu,
Morogoro.

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa kondakta wa gari la Matombo. Nimefurahi kusikia kwamba mama yako ameridhia uende Dar es Salaam kwa mama yako mdogo, na swali lako limenifurahisha zaidi. Wengi wanaopanda basi hapa Msamvu kwenda Dar kwa mara ya kwanza huulizia Kariakoo na kivuko cha Kigamboni. Wewe umeulizia mchezo wa jukwaani. Unasema mama mdogo amekuahidi kiingilio cha onyesho moja tu, na rafiki zako wanakuvuta huku na huku: mmoja anakutaka uende kwenye vichekesho, mwingine anakusihi uende Masaki ukaone mchezo wa Kiingereza, na wewe mwenyewe unatamani kuona kitu ulichokisoma shuleni ila unaona haya kukitaja mbele yao. Usione haya. Hicho hicho ndicho ninachotaka ukione.

Nitakwambia kwa nini. Ulipoisoma Ngoswe ya Edwin Semzaba uliisoma kama tunavyoisoma sote, penseli mkononi. Ulipigia mistari, ukaandika dhamira pembeni, ukakariri tabia za Mitomingi kwa ajili ya mtihani. Ukiulizwa leo Ngoswe ni nani utajibu bila kusita: karani wa sensa aliyetumwa kuhesabu watu, akampenda Mazoea, binti wa Mitomingi, kazi ikaharibika. Jibu ni sahihi na alama utapata. Lakini hujawahi kumsikia Mitomingi akipaza sauti. Hujawahi kukaa katikati ya watu mia wanaonyamaza kwa pamoja wakati karatasi za sensa zinateketea, ilhali kila mmoja anajua kwamba zile ni karatasi tu zilizonunuliwa dukani asubuhi. Tamthiliya iliandikwa ili itokee mbele ya macho, na shule ilikupa maandishi yake peke yake.

Tena, mtu anayekwenda ukumbini kwa mara ya kwanza kuona mchezo asioujua, nusu ya akili yake huhangaika na nani ni mume wa nani na yule aliyeingia sasa hivi katokea wapi. Ukiona unaoujua, akili yote inabaki huru kutazama kazi ya watu. Utaona mwigizaji akitulia kidogo kabla ya kujibu, na kule kutulia kukabadilisha maana ya neno ulilolisoma mara kumi. Utaona yule uliyemchukia kitabuni akikutia huruma, au kinyume chake, na utajiuliza mwongozaji amefanya nini hadi ikawa hivyo.

Kuhusu vichekesho, sitaki unielewe vibaya, maana nimekulia humo. Vijana wa rika langu tulifundishwa jukwaa na vikundi vya utamaduni. Muungano Cultural Troupe, na baadaye Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba iliyoanza mwaka 1992, walikuwa wakipanga usiku mzima kwa kiingilio kimoja: ngoma, sarakasi, igizo, kichekesho, taarabu ya mipasho, watu wakikaa kwenye viti vya baa mpaka usiku wa manane. Mzee Small na Mzee Majuto, Mungu awarehemu, walikuwa mafundi. Mtu anayeweza kuchekesha ukumbi wa walevi na watoto kwa wakati mmoja ana elimu ambayo haipatikani darasani. Ila wachekeshaji husafiri, na hata wasiposafiri simu inawaleta mpaka Matombo. Watakufuata uliko. Mchezo mzima wa jukwaani, wenye waigizaji kumi na mbili na mapambo yake na ngoma zake, haukufuati. Ukimalizika usiku huo, waigizaji wanarudi makwao na huwezi kuurudisha nyuma kwa kidole.

Huo wa Masaki nao si mbaya. Pale kwenye ukumbi mdogo wa Dar es Salaam Players, kando ya Barabara ya Haile Selassie, hucheza watu wanaojitolea kwa mapenzi yao, na siku moja nakuombea uufikie. Lakini safari hii utakuwa unafukuzana na lugha, na sura za watu zitakupita. Kama ni Shakespeare unamtaka, Mwalimu Nyerere alikwisha kumfanyia kazi kwa ajili yetu, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Anza na lugha ambayo mzaha wake unaudaka kabla mwenzako hajakueleza.

Sasa, katika vyote ulivyovisoma au kuvisikia, viwili ningefurahi sana ukivikuta. Cha kwanza ni Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kilichochapwa mwaka 1969. Unajua habari yenyewe, na sisi wa mkoa huu inatugusa, kwani wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Mahenge Agosti ya 1905. Kitazame kwa maswali mawili. Kwanza, Kinjeketile anaingia mtoni na kutoka akiwa mkavu. Kwenye karatasi ni mstari mmoja, lakini jukwaani, mbele ya watu wenye macho, jambo hilo linafanywaje? Kila mwongozaji hulijibu kwa namna yake, na jibu lake litakwambia kama anaamini, au anataka sisi tuamini, au anataka tutilie shaka. Pili, tazama mwisho, anapotakiwa akiri kwamba maji aliyosema yatawakinga wapiganaji na risasi yalikuwa uongo. Akikiri, wajao watadhani waliopigana walipigania upuuzi. Akikataa, yeye mwenyewe anajua risasi ziliua. Nimelizungusha jambo hilo kichwani miaka mingi na bado halijatulia.

Cha pili ni Nguzo Mama cha Penina Muhando, ambaye leo ni Profesa Penina Mlama. Huyu ni wa kwetu: alizaliwa mwaka 1948 kule Berega, wilaya ya Kilosa. Nguzo Mama kilitoka mwaka 1982. Wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo, na kila anayeishika anavutwa na shida za nyumbani kwake, huku Bi Msimulizi akizungumza na sisi watazamaji moja kwa moja. Mpwa wangu, wewe ni Mluguru. Ukoo wako unahesabiwa kwa mama, na shamba alilolima bibi yako lilipita kwa mama yake. Mtu wa mbali akisikia hayo husema basi kule wanawake wameshika kila kitu. Lakini unajua vizuri kwamba siku ya kikao cha ukoo anayekaa kwenye kiti na kusema nani alime wapi ni mjomba, yaani mimi. Kwa hiyo nakutuma kwenye mchezo unaoweza kukupa maneno ya kuniuliza mimi mwenyewe, na nakutuma kwa moyo mweupe. Penina Muhando hakuandika ili tupige makofi tulale. Miaka ile ile ya mwanzo ya 1980, yeye na Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, na wanakijiji wenyewe wakayatengenezea maigizo matatizo yao na kuyajadili hadharani. Mchezo ukimalizika kimya, watu wakasimama na kuondoka bila kubishana, kwake yeye kazi ilikuwa haijafika.

Usiende Dar ukidhani utakuta mabango ya mwezi mzima. Kwetu mchezo mara nyingi huchezwa siku mbili tatu, na habari zake hupita kwa midomo ya watu. Kwa hiyo ukifika Jumatatu, usingoje Ijumaa. Kwa kuwa mama mdogo anakaa Sinza, Chuo Kikuu ni karibu. Nenda Mlimani mwenyewe mchana, ulizia wanakosoma sanaa za maonyesho, uulize wanafunzi wanafanyia mazoezi mchezo gani na utachezwa lini. Maonyesho ya wanafunzi kiingilio chake huwa kidogo au hakuna kabisa, na usiyadharau, maana Hussein na Muhando nao walikuwa wanafunzi hapo hapo. Kisha muombe mama mdogo apige simu Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, na Nafasi Art Space ya Mikocheni. Waulizie pia Parapanda, kikundi kinachojua kuichukua ngoma na shairi na kuvifanya viseme mambo ya leo. Ukiambiwa jina la mchezo, uliza mambo matatu tu: ni wa lugha gani, unaisha saa ngapi, na nani ameuongoza. Bei iwe swali la mwisho.

Huenda wiki hiyo usikute chochote. Hapo usikubali kusukumiwa kitu ili mradi umeona kitu. Weka kiingilio mfukoni, mkiweza mwende Bagamoyo, mwendo wa kama kilomita 70 kutoka mjini. Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa TaSUBa, kiko kando ya bahari, na vijana wake wapo katika mazoezi karibu kila siku ya masomo. Omba ruhusa ukae pembeni utazame. Kuna watu wanaona mazoezi ni onyesho la maskini. Mimi siwaungi mkono. Mazoezini utamwona mwigizaji akirudia kuingia mlangoni mara tano mpaka uingiaji wake uwe na sababu, na baada ya hapo hutamtazama tena mtu jukwaani kwa jicho lile lile.

Siku yenyewe ule kabla hujatoka, ufike mapema, ukae katikati, safu ya tatu au ya nne. Mbele kabisa utaona miguu na jasho, nyuma utaona vichwa. Simu izime kabisa. Usirekodi, hata ukiona wengine wanarekodi, kwa sababu utakuwa unatazama kioo kidogo wakati mtu mzima yuko mbele yako. Msimulizi akiwauliza swali, jibu. Usingoje wenyeji wajibu kwanza. Wewe ni mgeni wa jiji, si mgeni wa hadithi, na hata maji utakayooga Sinza mengi yametoka Mto Ruvu, unaoanzia milimani kwetu. Mkitoka usiku msitembee hadi barabarani peke yenu; ongozaneni na watu wa ukumbini mpaka kituoni.

Kuhusu safari: ukipita na basi utashuka Kituo cha Magufuli, Mbezi, na mama mdogo akungojee hapo hapo. Ukipenda treni ya umeme, stesheni iko Kihonda na ni safari ya chini ya saa mbili, ila tiketi ikatwe mapema. Kwa vyovyote lala hapa kwetu usiku mmoja kabla ya kwenda. Nina nakala yangu ya Nguzo Mama. Jalada limetoka lakini kurasa zote zipo, na ningependa uipitie kabla hujaondoka, hata kama utakachokikuta Dar ni kingine.

Ukirudi usinisimulie kisa, kisa nakijua. Niambie aliyecheza alisimamaje, alinyamaza wapi, watu walicheka mahali gani ambapo wewe hukucheka, na mama mdogo alibisha nini njiani mkirudi. Halafu tukae, mimi na wewe na mama yako, tuzungumze habari ya lile shamba la bibi yako la kule juu, ambalo kikao cha ukoo bado hakijasema litakuwa la nani.

Wako,
Mjomba.