Shabu Katika Achari

Shabu unaijua. Ni jiwe jeupe linalopitisha mwanga. Ukiliramba utasikia ukakasi. Vinyozi hulipaka kidevuni baada ya kunyoa.

Ndani ya shabu mna alumini, madini yale yale ya sufuria. Alumini hiyo hushikamana na gundi ya asili iliyo ndani ya tunda. Ndiyo maana embe lililolowekwa katika maji ya shabu halilegei upesi chupani.

Darasa langu moja la akina mama lilianza kutengeneza achari ya maembe kwa kuuza. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, tukizidisha shabu, si achari itakaa zaidi?" Nilifurahi kwamba aliuliza kabla ya kuuza. Hapana, haitakaa zaidi. Shabu hukaza tu. Kinachozuia achari isioze ni chumvi, pamoja na ukali wa siki au ndimu. Ukipunguza siki kwa kutegemea shabu, kipande kitakuwa kigumu na kizuri machoni, huku vijidudu vinazaliana ndani ya chupa. Mlaji hatajua mpaka tumbo limuume.

Na maji ni vivyo hivyo. Shabu hukusanya tope likazama, maji yakawa maangavu. Lakini vijidudu vingine hubaki. Yachemshe.

Kuzidisha shabu kuna ubaya mwingine. Mwaka 2011 wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani walisema mtu asipate alumini zaidi ya miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki. Chukua kalamu tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 120. Kiasi hicho kimo katika gramu 2 hivi za shabu, kama nusu kijiko cha chai! Tena alumini tunaipata pia katika vyakula vingine. Figo ndizo zinazoitoa mwilini, kwa hiyo mgonjwa wa figo ajihadhari zaidi.

Akina mama wale waliamua kuchagua maembe mabichi, magumu, na kuacha shabu kabisa. Naona walifanya vema. Wewe ukipenda kuitumia, tia kidogo katika maji ya kulowekea, kisha suuza vipande vizuri kwa maji safi kabla ya kuvitia siki.

Ukinunua achari ya kiwandani, soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Namba 520, 521 na 523 ni jamaa za shabu. Ukiona 522, ndiyo shabu yenyewe.