Ugonjwa Unaojua Saa

Jina la baridi yabisi limewapoteza watu wengi. Kwa kuwa lina neno baridi ndani yake, hudhaniwa ya kuwa ugonjwa huu huletwa na umande, au maji ya mto alfajiri, na mgonjwa hulaumiwa ya kuwa hakujifunika. Sivyo. Katika ugonjwa huu ule ulinzi wa mwili, ambao kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando ulio ndani ya viungo. Kiungo huvimba na kupata moto, na kikiachwa muda mrefu bila dawa mifupa huliwa na vidole hupinda. Wala si ugonjwa wa wazee peke yao, na wanaoupata zaidi ni wanawake. Lile neno la pili, yabisi, ndilo lenye kweli, kwa maana viungo hukauka kama ngozi iliyoanikwa juani.

Yuko bibi mmoja upande wa Nyeri, mke wa karani wa Serikali, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la kahawa, aliyeshikwa na ugonjwa huu akiwa na miaka 34. Saa kumi na moja alfajiri, wakati ambapo kila mke wa mkulima amekwisha kuamka, yeye hawezi kukunja ngumi. Kushika chuchu ya ng'ombe hawezi, kufunga kifungo hawezi, hata kuinua sufuria ya chai ni lazima aikumbatie kwa mikono miwili. Hutia mikono katika karai la maji ya moto kiasi, akivikunja na kuvikunjua vidole polepole, mpaka yapata saa moja na nusu ndipo vinapokubali. Saa sita mchana huonekana njiani akienda sokoni, mzima kama watu wengine.

Hapo ndipo maneno yalipozaliwa. Majirani waliulizana, "Ugonjwa gani huu unaojua saa? Wakati wa kazi upo, wakati wa soko haupo!" Mama mkwe wake, ambaye alikamua ng'ombe mpaka siku za kujifungua watoto wake saba, hakusema mbele yake, lakini alisema kisimani, na maneno ya kisimani hayakawii kufika nyumbani. Wengine walitaja uchawi, na hao ndio waliokuwa na huruma zaidi. Uchungu wa viungo ulivumilika. Kuitwa mvivu katika boma la mumewe ndiko kulikomliza.

Siku alipopelekwa hospitali, mama mkwe alifuatana naye ili kumshika mkono kwenye ngazi. Daktari, kabla hajagusa kidole hata kimoja, aliuliza, "Mama, asubuhi mwili hukaza kwa muda gani?" Alipojibiwa ya kuwa ni zaidi ya saa nzima, alitikisa kichwa akaandika. Kisha akaeleza ya kuwa maumivu ya viungo vilivyochakaa kwa uzee huzidi baada ya kazi, lakini baridi yabisi hukaza wakati wa kuamka, na hulegea mtu akijinyosha. Yaani saa ile waliyoicheka majirani ndiyo iliyokuwa mojawapo ya dalili. Mama mkwe hakusema neno njia nzima ndani ya matatu. Kesho yake, kulipokucha, alikutwa chini ya ng'ombe na ndoo.

Dawa aliyopewa huitwa methotrekseti, nayo kwa ugonjwa huu humezwa siku moja tu katika juma. Jambo hili lafaa kusisitizwa, kwa sababu wako watu waliokufa kwa kuimeza kila siku wakidhani ni kama dawa nyingine. Yeye amechagua Jumapili, akitoka kanisani. Hupimwa damu kila mara, maana dawa hii yaweza kudhuru ini, na mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kuitumia kabisa. Nafuu haikuja upesi. Majuma mengi yalipita.

Katika majuma hayo ndipo alipoletewa unga wa kwenye kituo cha basi, uliosifiwa ya kuwa huponya kwa siku tatu. Upesi wa namna hiyo una historia yake. Mwaka 1948, huko Rochester nchini Marekani, Daktari Philip Hench na wenzake walimdunga mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa huu dawa ya kotisoni, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini dawa za jamii hiyo zikitumiwa sana bila kipimo huvimbisha uso na kudhoofisha mifupa, na imekwisha kuonekana zikichanganywa kwa siri katika unga usio na jina. Mumewe aliumwaga chooni.

Kwa mengine hutumia akili. Mpini wa jembe ameuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili uwe mnene, maana kitu chembamba huumiza vidole. Maji huyabeba katika mtungi wa lita tano, akienda mara nyingi. Kikapu hukitundika kwenye kigasha. Kahawa huichuma mchana tu, na asubuhi huajiri mtu, jambo linalopunguza faida, na hilo halifichiki. Mchoraji wa Ufaransa, Pierre-Auguste Renoir, alifanya hesabu kama hizo: vidole vilipopinda alitiwa brashi mkononi na watu wake, akaendelea kuchora katika kiti cha magurudumu hadi mwaka wa kufa kwake, 1919.

Siku hizi mikono yake hufunguka mapema zaidi, na jioni hutaka kukamua mwenyewe. Lakini ng'ombe yule mkubwa amekwisha kuzoea mikono ya mama mkwe, na akikaribiwa na mwingine hurusha teke.