Kompyuta ya Watu Wote

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Kariakoo, kompyuta ilikuwa kitu cha kukodi. Ulipanda ngazi za kafe ya intaneti, ukalipa kaunta, ukapewa kikaratasi chenye namba ya mashine, na saa ndogo kwenye kona ya skrini ikaanza kupunguza dakika zako. Kiti kilikuwa bado na joto la aliyetangulia. Ukifungua Yahoo, mara nyingine ulikutana na barua za mtu aliyeondoka mbiombio bila kufunga akaunti yake. Wastaarabu walimfungia, wengine walisoma kwanza.

Uliyemwogopa siku hizo alikuwa na sura. Alikuwa jirani anayenyoosha shingo juu ya ubao uliotenganisha viti, au dada wa kaunta anayekuja kusimama nyuma yako: "Kaka, umemaliza? Kuna mtu anasubiri." Hapo ulifuta historia ya kivinjari chapuchapu, ukashuka ngazi na roho yako imetulia. Kwenye vyumba vya kuchati ulijiita jina lolote, ukajipa umri wowote na mji wowote, na hakuna aliyekudai ushahidi.

Siupambi wakati ule. Tovuti nyingi zilisafirisha maandishi yakiwa wazi, na fundi aliyejua kazi yake angeweza kuyasoma njiani. Vidakuzi navyo vilikuwapo tayari. Lou Montulli alivibuni mwaka 1994 akiwa Netscape, ili tovuti iweze kumkumbuka mteja na kapu lake la manunuzi. Lakini kwetu vilipata tabu. Mashine ile ile asubuhi ilikaliwa na mwanafunzi anayesaka chuo cha nje, mchana na mfanyabiashara anayeulizia bei za Dubai, jioni na mtu mwenye mchumba wa mbali. Kidakuzi kiliwaandika wote kuwa mtu mmoja, na mtu huyo hakueleweka anataka nini duniani. Kafe nzima ilitokea mtandaoni kwa anwani moja ya IP, na fundi alikuwa amezijaza kompyuta zote programu zile zile kutoka diski moja. Aliyetaka kukutambua kutoka mbali aliambulia kundi la watu. Hakuna aliyeupanga usiri huo wala kuupigania. Uliletwa na uhaba.

Uhaba ukapungua. Kebo ya SEACOM ilifika pwani yetu mwaka 2009, bando zikashuka bei, simu janja zikaingia hadi vijijini, na kafe zikafunga milango moja baada ya nyingine. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi: mwisho wa foleni, kila mtu na chake. Ila cha peke yako kina alama zako.

Mwaka 2010 Peter Eckersley, wa shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani, alichapisha utafiti kuhusu vivinjari 470,161 vilivyoitembelea tovuti yake ya majaribio. Hakuuliza jina la mtu. Alitazama yale ambayo kivinjari huyasema chenyewe kikiulizwa: toleo lake, aina za herufi zilizomo kwenye mashine, ukubwa wa skrini, majira ya saa. Asilimia 83.6 ya vivinjari hivyo havikuwa na pacha. Baadaye zikaja mbinu za ndani zaidi. Tovuti inakiagiza kivinjari chako kichore maandishi na rangi mahali usipopaona, kisha inausoma mchoro huo, kwa kuwa kila mchanganyiko wa kifaa na programu huutoa kwa tofauti ndogo sana. Ukifuta vidakuzi, mchoro unabaki vile vile, kwa sababu haukuhifadhiwa kwako. Unachorwa upya kila unaporudi.

Utafiti mwingine uliofanyika Ufaransa, uliotolewa mwaka 2018 na wenye alama za vivinjari zaidi ya milioni mbili, ulikuta picha ya afadhali kidogo: thuluthi moja tu ndiyo iliyokuwa ya kipekee, na kwenye simu ilikuwa chini ya hapo, maana simu za toleo moja hufanana sana. Wanaotengeneza Tor Browser, kivinjari cha kulinda usiri, wanalielewa jambo hilo. Hawajaribu kumfanya mtumiaji asionekane. Wanajitahidi wote waonekane sawa, hata vipimo vya dirisha vinalinganishwa, kama wanafunzi waliovalishwa sare. Wahandisi wanatoa jasho kuijenga upya hali ambayo kafe ya Kariakoo ilikuwa nayo bila kujua.

Kafe zenyewe, zile chache zilizobaki, hazikuachwa. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye kafe nchini Tanzania kufunga kamera, kumwandika kila mteja kwa kitambulisho, na kuipa kila kompyuta anwani yake ya kudumu. Kisha laini za simu zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mwezi huo huo Google ilitangaza kwamba ndani ya miaka miwili Chrome ingeachana na vidakuzi vya watu wa tatu, vile vinavyokufuata kutoka tovuti hadi tovuti. Ahadi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na mwaka 2024 kampuni ikaiacha.

Kilichobaki kutoka enzi ile ni hofu yetu ya jirani. Mpwa wangu anaitumia simu yake kwa Hali Fiche ya Chrome, na nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa kujiamini: "Mjomba, humu hakuna anayeniona." Sikumbishia hapo hapo. Hali Fiche hufuta historia kwenye simu. Haimfichi mtu kwa tovuti anayoitembelea wala kwa kampuni ya simu inayomuuzia bando. Watumiaji wa Marekani waliishtaki Google mwaka 2020 kwa jambo hilo hilo, na katika mapatano ya mwaka 2024 kampuni ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa watu wakiwa humo. Kwa hiyo, kati ya wote wanaotaka kujua kijana yule anasoma nini usiku, aliyefanikiwa kumzuia ni mama yake tu.