Kukodi au Kununua? Nendeni Matombo Mkaulize Mlima

Vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Mtu akishashika vijisenti, kabla hajajua hata breki iko mguu gani, keshaanza kuulizia bei ya gari. Mwambie akajifunze kwanza, atakujibu kwa kujiamini, "Si nitajifunzia lilelile la kwangu!" Hapo ndipo ninapotaka tuelewane leo, msomaji wangu. Mtu anayejifunza usukani, akodi au anunue? Mimi jibu nililipata mbali na jiji, kule Matombo, kwenye miguu ya Milima ya Uluguru. Nitakupa lote bila kukuficha.

Kwa wasiopajua, ukifika Morogoro mjini unashika njia ya Bigwa, unapita Kiroka na Mkuyuni, milima ikiwa mkono wako wa kulia. Ndiyo njia inayokwenda Mvuha na Kisaki, hadi upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Jina Matombo kwa Kiluguru ni maziwa, yale ya kifuani. Usinikasirikie mimi, wenyeji ndio waliotazama majabali mawili yaliyosimama pale wakaona yamefanana na hayo. Kuna misheni ya Wakatoliki yenye zaidi ya miaka mia moja. Kuna minazi, migomba, mafenesi, na karafuu ambazo zikianikwa unazinusa kabla hujaziona. Maji ya Mto Ruvu, yanayonywewa Dar, yanatoka kwenye milima hii hii.

Kilichonipeleka mimi si karafuu. Mama yangu ni mtu wa kule, na mwaka 2018 nilitaka kujifunza udereva wa kweli, si ule wa kuzunguka uwanja wa mpira mara tatu halafu unajiita dereva. Wakati huo kipande kile kilikuwa vumbi tupu kiangazi na utelezi mtupu masika. Kwa mwanafunzi, nakwambia, hiyo ni shule isiyo na ukuta wala kengele.

Nilikodi pikapu kuukuu Morogoro mjini, pamoja na dereva wake. Sheria yenyewe inataka hivyo, ukiwa na leseni ya lena huruhusiwi kuwa peke yako, lazima pembeni awepo mwenye leseni kamili. Tukapatana na tajiri kwa siku, mafuta juu yangu. Kwa siku sita mlima ulinifundisha mambo ambayo mjini hayapo. Kwanza, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ukiteremka umeng'ang'ania breki tu, zinapata moto, zinaishiwa nguvu, na ukikanyaga tena ni kama umekanyaga hewa. Iache injini ikushikie gari. Pili, kuondoka kwenye kilima kwa klachi na hendibreki bila kurudi nyuma hata hatua moja, maana nyuma yako kuna mama ana mkungu wa ndizi kichwani. Tatu, ukiona tope, usikurupuke kukata usukani.

Sasa sikiliza upande wa pesa. Siku ya nne springi ya nyuma ilikatika kwenye korongo. Springi ilikuwa kuukuu na mapatano yetu yalikuwa wazi, kwa hiyo tajiri akatuma fundi na spea, mimi nikakaa chini ya mwembe nikila machungwa. Lingekuwa gari langu, machungwa yale yasingepita kooni.

Rafiki yangu mmoja wa Dar alifanya kinyume. Alinunua kigari cha mtumba kutoka Japani, otomatiki, akakifanya darasa. Miezi mitatu haikuisha, taa moja haipo, bampa limefungwa kwa waya, shokapu zinalia kama mlango wa stoo. Akaliuza kwa hasara ili alipe deni alilokopea. Na ukimpa gari la gia leo, anakutazama kama umempa ndege. Alilipa bei ya mwenye gari, akapata nusu ya elimu.

Usidhani huu ni umaskini wetu tu. Hata kwa wakubwa wa mashindano huko Ulaya na Marekani, shule za kuendesha magari ya mbio zina magari yake. Mwanafunzi analipia siku, anakuta tairi, mafundi na kofia vimeandaliwa, na mara nyingi anaweka dhamana ya uharibifu. Wanajua wazi kwamba anayejifunza ataharibu. Swali ni aharibu cha nani, na kwa mapatano gani.

Najua kuna atakayeninyooshea kidole, "Mbona Joginder Singh alinunua?" Kweli kabisa. Mwaka 1965 Mkenya huyo, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokuwa mtumba, gari lililokwisha kukimbizwa na mwenzao wa Sweden, Tom Trana. Lakini tazama alikuwa nani. Singh alikuwa fundi, mtu aliyelelewa gereji, aliyejua kufungua injini na kuirudisha bila bolti kubaki mezani. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Mtu kama huyo haendi kununua gari ili ajifunze. Elimu anakwenda nayo mkononi, akiuziwa kimeo atakigundua palepale.

Turudi Matombo, maana kesi yenyewe nzito iko huko, na si ya magari, ni ya pikipiki.

Mtoto wa mama mdogo, tumwite Mdogo wangu, alikuwa na miaka 19. Kama vijana wengi wa kule alitaka pikipiki, apakie abiria na mananasi kutoka vijiji vya juu. Akaja na mpango. Kipande cha shamba la ukoo kimegwe, kiuzwe, anunue pikipiki mpya wiki hiyo hiyo. Kuendesha? "Nitajulia mbele ya safari, kaka." Akanitaka nimuunge mkono mbele ya mjomba, na pesa zikipungua nijazie mimi.

Ndugu yangu, kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Shamba ni la ukoo, na mwenye sauti ni mjomba. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Mjomba, unajua ngoto?"

Ngoto ni malipo anayotoa mtu asiye wa ukoo ili alime ardhi ya ukoo. Ni kodi, kwa lugha yetu. Lakini ina mpaka wake. Mwenye ngoto anapanda mahindi, anapanda mpunga, anavuna, anaondoka. Hapandi mnazi wala mkarafuu, kwa sababu mti wa kudumu unaleta madai ya kudumu. "Chombo usichokijua," mjomba akasema, "kilime kwa ngoto kwanza. Vuna akili. Mti utapanda ukiwa na shamba." Akakataa shamba lisiuzwe, na mimi nikasimama upande wake. Mdogo wangu alininunia siku mbili.

Akaanza kama deiwaka, anashika pikipiki ya mwenzake siku mwenzake anapochoka. Baadaye akapewa ya hesabu. Hapa ndugu zangu wa mjini chukueni kalamu. Kwa hesabu unampelekea tajiri kiasi cha kila siku, kinachobaki ni chako, na kwa kawaida matengenezo makubwa ni ya tajiri. Kwa mkataba unapeleka kwa muda mliopatana, ukimaliza pikipiki inakuwa yako, lakini matengenezo kwa kawaida ni juu yako, na kadi inabaki kwa tajiri mpaka siku ya mwisho. Ukiugua mwezi wa kumi, ukashindwa kupeleka, unaweza kunyang'anywa ukarudi nyumbani na kofia tu. Kwa hiyo mkataba uandikwe, washuhudie watu, na siku za ugonjwa zitajwe.

Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, na pikipiki mpya ni shilingi 3,000,000. Siku 300 za kazi, umeshampa tajiri pesa za pikipiki nzima, na bado si yako. Ndiyo maana sisemi mtu akodi maisha yake yote. Huko ni kumlimia mwenzio shamba mpaka uzeeni. Miezi sita ya hesabu ni ada ya shule. Miaka mitano ya hesabu ni utumwa wa kujitakia.

Kipimo ni kipi? Mimi nakipima hivi. Je, chombo kikilia, unajua kinacholia ni nini? Je, fundi akikutajia bei ya spea, unajua kama anakupiga? Je, umeshateremka kilima kwenye mvua, umebeba mtu, ukafika bila kuomba toba? Ukijibu ndiyo mara tatu, nunua, hata kama ni mtumba. Ukibabaika hata kwa moja, kodi, na kodi pamoja na mtu anayekijua.

Mdogo wangu alikaa kwenye hesabu miezi minane. Alianguka mara moja, kwenye kona ya utelezi, akachubuka goti. Hakuwa na abiria, na hakuwa akikimbizana na deni la mtu, kwa hiyo alipumzika mpaka akapona. Kisha akaingia mkataba wa maandishi, akaumaliza, na kadi ikaandikwa jina lake. Shamba la ukoo lipo palepale, na mama yake bado anachuma karafuu.

Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda kwa muuza magari Jumamosi hii, ahirisha kidogo. Panda basi la Morogoro, kodi gari lenye dereva mzee mwenye subira, andikishaneni nani atalipa kitu gani kikivunjika, halafu shikeni njia ya Matombo. Ukirudi, utajua kama unahitaji gari au ulikuwa unahitaji mwalimu. Na ukipita Mkuyuni, simamisha ununue nanasi. La huko halihitaji mjadala wa kukodi.