Haki ya Njia ya Angani



Utotoni tulifunzwa chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani: mwiba, jiwe, ganda la embe. Sikudhani somo lile litanifikisha angani, mpaka mjukuu wangu aliponionyesha kwenye kompyuta picha ya dunia iliyozungukwa na nukta, kila nukta ni setilaiti au kipande chake. Ilikuwa kama papa aliyeanikwa akavamiwa na nzi. Nilipotishika akanicheka: "Babu, nukta zimekuzwa. Zingechorwa kwa ukubwa wake wa kweli usingeona kitu."

Haya, picha imetia chumvi. Lakini tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, kiasi cha kilomita 790 kutoka ardhini, setilaiti mbili ziligongana. Iridium 33 ya Wamarekani ilikuwa kazini, ikipitisha simu za watu. Kosmos 2251 ya Warusi ilikuwa maiti kwa miaka mingi, haina wa kuigeuza. Fikiri jahazi liendalo usiku, na jingine lililoachwa lielee bila nahodha wala kandili. Ila hizi zilikutana kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde moja. Vikatoka vipande zaidi ya 2,000 vinavyoonekana kwa rada, mbali na vidogo.

Utauliza, hakukuwa na onyo? Lilikuwapo. Hesabu za siku ile zilisema zitapishana kwa mita 584. Hesabu hizo hazikosi kosa, na siku hiyo hiyo jozi nyingine zilitajwa kuwa zitakaribiana zaidi. Aonywaye kila siku huzoea. Iridium ingeweza kusogezwa, haikusogezwa.

Mimi simlaumu sana huyo. Namwuliza aliyeacha maiti njiani. Siku ya kurusha chombo watu hupiga makofi. Siku ya kukiondoa, nani hupiga ngoma?

Hata sisi wa pwani tumeshuhudia kurusha. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Wamarekani iitwayo Uhuru iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Njia yake ilikuwa ya chini, hewa nyembamba ikaivuta kidogo kidogo, na mwaka 1979 ikarudi ikaungua. Kwenye kilomita 790 hewa ni haba mno kuvuta upesi. Vipande vingi vya 2009 vingali vinazunguka. Juzi baada ya Isha mjukuu wangu alinionyesha kimoja kikipita juu ya paa letu.