Jina Libaki na Nani?

Mwaka jana, wiki moja kabla ya mitihani, kikundi chetu cha muziki kilivunjika. Tulikuwa watu watano, magitaa mawili, kinanda cha kuazima na spika moja iliyokuwa ikikoroma. Mwimbaji wetu aliondoka na wenzake wawili, na kinanda kikaenda nao. Tukabaki mimi na mpiga besi, tunatazamana. Ugomvi haukuwa wa pesa, maana hatukuwahi kuwa nazo. Ulikuwa wa jina. Yeye alisema jina ni la aliyelibuni. Sisi tukasema ni la waliobaki.

Sasa, ndugu msomaji, kesi kama hiyo nilikuwa nayo kichwani siku nyingi, na hukumu nilishatoa. Ni kesi ya Angra, bendi ya São Paulo, Brazili. Wanapiga pawa metali: gitaa zinakimbia, ngoma zinakimbia zaidi, na mwimbaji anapanda juu mpaka unamwonea huruma. Juu ya hapo wanaweka uprogresivu, yaani nyimbo ndefu zinazobadili mapigo katikati ya safari. Niliwapata mwaka wa kwanza kwenye flashi ya mshikaji wangu wa chumba, katikati ya filamu na mitihani ya miaka iliyopita.

Kilichonivuta kwanza ni kwamba waliianzisha bendi mwaka 1991 wakiwa wanafunzi wa muziki katika chuo cha Santa Marcelina. Watu kama sisi tu. Rafael Bittencourt alishika gitaa. Andre Matos aliimba na kupiga kinanda, na darasani alisomea utunzi na uongozaji wa okestra. Albamu yao ya kwanza, Angels Cry ya 1993, waliirekodi Ujerumani, na kwa sehemu kubwa inasikika ya Kiulaya. Halafu mwaka 1996 ikaja Holy Land, humo wakaingiza ngoma na midundo ya kwao Brazili. Hapo ndipo waliponikamata.

Mimi ni mtu wa Kilwa. Holy Land inahusu Brazili ya wakati Wareno walipofika, mwaka 1500. Msafara ule wa Pedro Álvares Cabral uligusa pwani ya Brazili mwezi Aprili, ukaendelea na safari ya India, na Julai ya mwaka huohuo ukatia nanga Kilwa. Siku nilipounganisha tarehe hizo niliketi kitandani nikaacha hata kwenda kula. Msafara uleule! Kuanzia hapo Matos akawa mtu wangu.

Walitoa Fireworks mwaka 1998, na mwaka 2000 wakagawanyika. Aliondoka Matos, akaondoka mpiga besi Luís Mariutti, akaondoka mpiga ngoma Ricardo Confessori. Watatu hao wakaunda bendi nyingine, Shaman. Bittencourt na mpiga gitaa mwenzake, Kiko Loureiro, wakabaki na jina. Hukumu yangu ilikuwa fupi: jina limeibwa. Nikaapa kutosikiliza chochote cha Angra baada ya hapo.

Basi hesabu yetu ikaja kuwa ileile: watano, wakatoka watatu, wakabaki wawili. Safari hii mimi nilikuwa upande wa washtakiwa. Mpiga besi alinicheka sana. "Si ulisema wezi? Haya, mwizi mwenzangu, tunafanyaje?"

Usiku ule nilivunja kiapo. Nilianza na Rebirth ya 2001, wakiwa na mwimbaji mpya, Edu Falaschi. Nilisikiliza kama mtu anayetafuta kosa, na mpaka wimbo wa tatu nilikuwa nimesahau kulitafuta. Nikaenda Temple of Shadows ya 2004, hadithi ya mpiganaji wa Vita vya Msalaba anayeanza kuitilia shaka vita yenyewe. Karibu na mwisho anaingia Milton Nascimento, mkongwe wa muziki wa Brazili, na sauti yake inatuliza vumbi lote. Inauma kukiri, lakini ndiyo albamu ninayoirudia zaidi sasa.

Na hawakuishia hapo. Confessori alirudi mwaka 2009, baadaye akaondoka tena. Falaschi alitoka 2012, akaja Fabio Lione kutoka Italia. Mwaka 2015 Loureiro alijiunga na Megadeth ya Marekani. Walipotoa Ømni mwaka 2018 na Cycles of Pain mwaka 2023, katika waanzilishi alikuwa amebaki Bittencourt peke yake. Kwetu nyumba ya makuti huezekwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na hakuna anayesema hiyo ni nyumba nyingine. Ila hakuna pia anayesema fundi wa kwanza hakujenga.

Jambo moja ndilo lililoninyima usingizi. Andre Matos alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 8 Juni 2019, ana miaka 47. Tangu waachane ilikuwa imepita miaka 19, na katika miaka yote hiyo hakurekodi nao albamu nyingine. Kama walikuwa na la kuambiana, sijui kama waliambiana. Mimi na mwimbaji wetu tulikuwa tunapishana kantini kila siku, kila mmoja anatazama simu yake.

Nikamwandikia: "Kaka, jina tunabaki nalo. Ila ule wimbo wa pili ni wako, na kila tukiupiga tutasema ni wako."

Alikaa siku mbili bila kujibu. Ya tatu akaandika: "Poa. Kinanda mmepata?"

Hatujapata. Amesema kile cha kwake tunaweza kukitumia Jumamosi.