Mzee akisahau, asiitwe mlozi

Katika kambi ya Kigonze na sehemu zingine za Bunia ambako jamaa zimetulia baada ya kukimbia vita Djugu na Irumu, mzee akianza kusahau, majirani wana maneno mawili tu. La kwanza: vita vimemharibu kichwa. La pili linasemwa kwa sauti ya chini: huyo ni mlozi. Neno la kwanza linamwacha bila matunzo. La pili linaweza kumfukuzisha, hata kumwua.

Lipo neno la tatu: ugonjwa. Na mara nyingine ugonjwa huo unatoka kwa vijidudu vinavyokaa ndani ya ubongo muda mrefu.

Kongo inalijua jambo hili kuliko nchi nyingi. Malale, ugonjwa wa usingizi, umesumbua watu sana, hata upande wa Uele, jirani na Ituri. Mbung'o anauma, kijidudu kinakaa katika damu miezi au miaka, halafu kinaingia ubongoni. Mgonjwa analala mchana, anakesha usiku, anabadilika tabia, anasema maneno yasiyoshikana. Ni rahisi kudhani amelogwa. Lakini leo wagonjwa wengi wanatibiwa kwa fexinidazole, vidonge vya siku 10 vilivyojaribiwa hapa hapa Kongo na kukubaliwa mwaka 2018. Kaswende isiyotibiwa nayo inaweza kufika kwenye ubongo na kuharibu akili; penisilini inaizuia isiendelee.

Ugonjwa wa Alzheimer ni kitu kingine. Alois Alzheimer, muganga wa Ujerumani, aliueleza mwaka 1906. Protini zinajikusanya katika ubongo, seli zinakufa polepole, na dawa ya kuuponya haijapatikana. Watafiti kadhaa sasa wanauliza: je, protini hizo ni silaha ambayo ubongo unaitoa kupigana na vijidudu, kisha inazidi na kuuharibu ubongo wenyewe? Wanashuku virusi vya herpesi, vinavyoleta vidonda vya midomo, na virusi vya zona, ambayo wengine wanaiita mkanda wa jeshi. Virusi hivyo vyote hubaki katika mishipa ya fahamu maisha yote.

Huko Wales, Uingereza, chanjo ya zona ilianza kutolewa mwaka 2013 kwa kufuata tarehe ya kuzaliwa. Waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933 waliweza kuipata. Waliozaliwa kabla ya hapo, hata kwa siku chache, walikosa. Hivyo watafiti walilinganisha watu wa umri karibu sawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025: kwa miaka 7, ugonjwa wa kupoteza akili ulipungua karibu sehemu moja kwa tano kwa waliochanjwa. Hiyo haionyeshi kwamba kila Alzheimer inatoka kwa virusi. Watu wengi sana wanavibeba na wanazeeka na akili timamu. Tena Alzheimer haiambukizi kwa kula pamoja na mgonjwa, kumwosha au kulala naye chumba kimoja.

Kwa jamaa iliyo kambini, la kwanza ni kujua mabadiliko yalianza lini. Yakija kwa siku chache, pamoja na homa au kichwa kuuma sana, mzee apelekwe kituo cha afya siku ileile: inaweza kuwa malaria au homa ya uti wa mgongo. Yakija polepole, muganga aulizwe kuhusu kipimo cha kaswende na cha VVU, na aambiwe kama mzee aliishi penye mbung'o.

Ikionekana ni Alzheimer, bado kuna kazi ya kufanya. Mkeka ubaki mahali palepale, chakula kije saa ileile, na mjukuu amsindikize mzee kwenye choo na kwenye maji, kwa sababu kambini nyumba zote zinafanana. Na jirani akilitaja lile neno la uchawi, jamaa isinyamaze: imjibu wazi kwamba mzee ni mgonjwa.